Watu Hawahesabiwi

Kitabu changu cha hesabu kilikosa kurasa za mwisho, na kurasa hizo ndizo zilizokuwa na majibu. Nilipewa na mke wa kasisi siku aliyokuwa akisafisha kabati lake. Shule nilikuwa nimeiacha baada ya darasa la pili, mama alipougua ugonjwa uliomuua, na tangu hapo kila nilichokijua nilijifundisha mwenyewe jikoni, kitabu nimekiegemeza kwenye debe la unga. Hesabu zote za kitabu kile nilizifanya mara tatu. Hadi leo sijui ni ngapi nilizipata. Nayasema haya mapema ili ieleweke ni mwalimu wa namna gani aliyemwangukia mtoto yule.

Mtoto alikuwa wa dada yangu. Dada alifariki siku ya tatu baada ya kumzaa. Baba wa mtoto aliandikwa jeshini, na barua yake ya mwisho ilitoka Burma. Tuliishi Kisauni, mwendo mfupi kutoka misheni ya Frere Town: baba yangu, ambaye alivuka daraja kila alfajiri kwenda kazini bandarini, wadogo zangu watatu, mimi, mtoto, na nyanya yake mzaa baba, aliyeshuka kutoka Kaloleni kuja kutazama mjukuu wake analelewaje. Nawataja bila kuwajumlisha, na sababu yake itaonekana.

Wakati huo mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mtoto alikuwa hajatimiza mitano. Alianza kuhesabu kabla sijamfundisha. Wadogo zangu walicheza bao barazani, naye akakaa kando akitazama komwe zikitiwa shimoni na kutolewa. Siku moja akasema, "Mjomba, hapo utaishiwa kabla hujafika kwake." Mjomba wake alicheka, akacheza, akaishiwa. Jioni ile nilimtwaa nikamkalisha jikoni mbele ya kibao cheusi cha kuandikia, nikaanza kumsomesha.

Nilitaka asome vizuri kunishinda. Hapo ndipo ubaya wote ulipotokea. Yeye alitaka kujua, mimi nilitaka asikosee, na haya mawili hayakukaa jiko moja hata siku moja. Akiandika nne yenye mguu uliopinda, nilifuta kibao chote. Akipanga komwe kumi kwa mstari uliokwenda upande, nilizikusanya nikamwambia aanze upya.

"Lakini ni kumi, Mama mdogo."

"Ni kumi zilizopinda."

"Zikinyooka zinakuwa ngapi?"

Nikamwambia asiwe mjuvi. Neno hilo nilimwambia mara nyingi mwaka ule kuliko neno lolote jingine.

Maswali yake yalinichosha kuliko kuteka maji. Mtungi unatokwa jasho nje, je, unasikia joto? Kama unasikia joto, mbona maji yake ni baridi? Nilimwambia maji yanapenya kwenye udongo. Siku chache baadaye nikamkuta ameuchukua mtungi mwingine, ule uliopakwa lami chini kwa kuwa ulikuwa ukivuja, na ameketi akiutazama. "Huu hautoki jasho," akasema, "na maji yake si baridi." Alikuwa amegundua jambo, naliona hivyo sasa. Wakati ule nilichokiona ni lami iliyomchafua gauni. Nikamfokea. Siku nzima moyo ukaniuma, na kesho yake nikamfokea tena kwa sababu nyingine.

Nyanya yake aliyatazama yote hayo akiwa ameketi kwenye kigoda chake, anakuna nazi. Hakujua kusoma, wala hakuona haya kwa hilo. Alikuwa na kuku wake, na hakuwahesabu hata siku moja. Jioni walipoingia bandani alisimama mlangoni, akatazama, akasema, "Yule mwenye shingo tupu hayumo." Na kweli hakuwamo.

"Nyanya, umejuaje kama hukuwahesabu?" mtoto akauliza.

"Naona pengo, mjukuu wangu. Chenye uhai hakihesabiwi. Ukikihesabu unakionyesha kwa anayekitaka."

"Anayekitaka ni nani?"

"Huyo hatajwi pia."

Mtoto akaniangalia mimi, kama alivyozoea kufanya akisikia jambo lisilo na maelezo. Nami, niliyekwenda kanisani kila Jumapili na kukaa benchi la pili, nikajifanya nachochea moto.

Kisha ikaja ile Jumapili ya chakula. Nyanya alikuwa ametoka kwenye homa ya wiki nzima, bado amejifunga shuka mabegani, na tulikuwa tumekaa sote mkekani kuizunguka sinia ya wali. Mtoto akanyanyua kidole akazunguka nacho, akigusa hewa mbele ya kila uso.

"Tuko saba," akasema. Akafikiri. "Nyanya akifa tutabaki sita."

Alilisema kwa furaha. Kutoa ndiyo hesabu niliyomfundisha wiki ile, na alikuwa amepata mfano wake mwenyewe, bila komwe. Kama ningekuwa mwalimu hasa, ningejua kwamba hiyo ndiyo siku mtoto alipoelewa. Nilimpiga kofi vidoleni. Baba yangu akatazama chini. Mdogo wangu mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Nyanya aliweka tonge lake chini polepole.

"Hata marehemu hawajahesabiwa hivi," akasema. "Umemfundisha nini mwanangu, wewe? Umemfundisha kututia kaburini mmoja mmoja?"

"Ni mtoto, nyanya. Hajui."

"Yeye hajui. Wewe je?"

Hakula tena. Jioni alimwambia baba yangu, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya pazia nasikiliza, kwamba mtoto ni wa ukoo wao na atarudi naye Kaloleni. Kule atajifunza kulima, kuteka maji na kuheshimu watu. Baba, ambaye hakupenda maneno mengi, alisema kitu kimoja tu: shule ya misheni inapokea watoto Januari, kama mwalimu atamkubali mtoto, ingawa ni mdogo, abaki asome. Kama hatamkubali, aende.

Nyanya akajibu: "Akikubaliwa, abaki. Nimesema. Asipokubaliwa, mimi naye tunapanda basi la Ijumaa, na sitaki kuona mtu analia."

Kule kwao hapakuwa na shule ya wasichana ambayo mtoto wa umri ule angeweza kuifikia kwa miguu. Nilijua maana ya maneno yale. Lile debe la unga na kitabu kisicho na majibu ndivyo alivyokuwa akirithishwa, na pengine hata hivyo viwili asingevipata.

Nikakazana. Najionea aibu kukumbuka nilivyokazana. Asubuhi hesabu, mchana herufi, jioni hesabu. Na kwa kuwa nilitaka pia kumtuliza nyanya, nikaongeza somo moja ambalo halikuwamo kitabuni. Nilimsimamisha mtoto mbele ya kigoda cha nyanya na kumwambia arudie baada yangu: Watu hawahesabiwi. Tena. Watu hawahesabiwi. Kila alipokosea, tulianza upya, kwa sababu sikujua kufundisha kwa njia nyingine. Nilimwambia akihesabu watu, mmoja wao atapungua. Nilimwambia hivyo bila kujua kama ninaamini. Nyanya alitikisa kichwa kuridhika, akaendelea na nazi yake. Mtoto aliacha kunyanyua kidole. Nikajipongeza: kwa mara ya kwanza amejifunza kitu sawasawa.

Siku ya kumpeleka akapimwe, kabla ya mwaka kwisha, ilikuwa Jumatano. Nilimwosha, nikamsuka nywele hadi akatokwa machozi, nikamvika gauni nililolipiga pasi mara mbili. Njiani nilimuuliza nane na saba, tisa mara tatu, nusu ya thelathini. Alijibu yote huku akiruka madimbwi.

Mwalimu alikuwa mzaliwa wa Frere Town, mtu mrefu, mkali kwa utulivu. Jumapili iliyotangulia alikuwa amesoma mahubiri kanisani, akasema kuna nyumba zinazoshika Biblia kwa mkono mmoja na hirizi kwa mkono wa pili, na kwamba watoto wa nyumba hizo humletea taabu darasani. Nilikuwa nimeitikia amina kwa sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mdogo sana."

"Anajua kutoa na kujumlisha, Mwalimu. Anajua kugawanya."

"Tutaona." Alimshika mtoto mkono, akamsimamisha mbele ya darasa la chini. Watoto walikuwa wameketi sakafuni kwa mistari, vibao vyao mapajani. Mwalimu akainama, akatabasamu. Alitaka kuanza na swali jepesi ili mtoto asiogope. Najua alikusudia wema.

"Haya, bibie. Hapa mbele yako kuna watoto wangapi?"

Mtoto alinyamaza.

"Usiogope. Wahesabu polepole."

Mtoto aligeuza shingo akaniangalia mimi niliyekuwa mlangoni. Uso wake haukuwa na woga wowote. Ulikuwa uso wa mtu anayengojea aliyemfundisha aseme neno.

"Basi hesabu wa mstari wa mbele tu. Hawa. Wangapi?"

Akafumba mdomo hadi midomo ikapotea.

"Mwalimu, huyo bado ananyonya!" mvulana mmoja akapaza sauti, na darasa zima likacheka. Msichana wa mbele akanyoosha ulimi. "Bubu! Ameletwa bubu!"

Mimi nilijua. Nataka hili liandikwe wazi, kwa maana kwa miaka mingi nilijisimulia vingine, kwamba nilipigwa na butwaa. Nilijua palepale, kabla swali halijamaliza kutoka mdomoni mwa Mwalimu. Ningeweza kusema: Mwalimu, muulize vibao, muulize madirisha, muulize chochote kisichopumua. Lakini ningelisema hilo, ningesema pia sababu yake, na Mwalimu angejua tunatoka nyumba ya namna gani, na ni nani humo ndani aliyekuwa akifundisha mambo hayo. Nikaupima ujinga wa mtoto dhidi ya ujinga wangu, nikaona afadhali wake uonekane. Nikanyamaza.

Mwalimu alimrudisha kwangu kwa upole. "Mtoto ni mchanga bado, binti. Si kosa lake. Mlete baada ya mwaka mmoja."

"Ahsante, Mwalimu," nikasema. Nikashukuru!

Njiani nilikwenda mbele kwa hatua ndefu, naye akikimbia nyuma yangu. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na Mwalimu kwa swali lake, na nyanya kwa mila yake, na dada yangu kwa kufa. Lakini niliimwagia mtoto.

"Kwa nini hukujibu? Kwa nini umenitia aibu mbele za watu?"

"Watu hawahesabiwi," akasema, akihema. "Ulisema."

"Hata kama nilisema!"

Tulifika penye mti wa mwarobaini, nusu ya njia, akasimama kutoa kijiwe kilichomwingia kiatuni. Akiwa ameinama hivyo, akasema, bila mimi kumuuliza:

"Vibao vilikuwa thelathini na kimoja. Viwili vimevunjika pembe. Na kule nyuma kuna kibao kimoja, miguu yake minne."

"Miguu ya kibao?"

"Wanaokishika. Wanashirikiana. Kwa hiyo vikitakiwa vingine, kinatakiwa kimoja tu."

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa amewahesabu wote. Alikuwa ametafuta njia ya kujibu swali lile bila kumgusa mtu hata mmoja, na alikuwa ameipata akiwa amesimama pale mbele, huku akichekwa, na alingojea tu mimi nimruhusu kusema.

Niliketi chini pale njiani, na gauni langu la kanisani. Mwanamke aliyepita na kikapu cha muhogo akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Sikulia. Nilikuwa na hasira mno hata nisiweze kulia, na safari hii ilikuwa imempata anayeistahili, mimi.

Tulirudi. Nilitamani njia iwe ndefu zaidi. Tulimkuta Mwalimu anafunga madirisha, watoto wamekwisha toka, vibao vimepangwa juu ya rafu kwa mafungu.

"Umesahau kitu?"

"Nimesahau kusema, Mwalimu." Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu nyanya, kuhusu sinia ya wali, na kwamba ni mimi niliyemsimamisha mtoto na kumkaririsha maneno yale hadi akayajua kama sala. Nilisema na lile la mwisho, kwamba nilipokuwa mlangoni nilijua.

Nilipomaliza aliuliza, "Ulijua, ukanyamaza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na Jumapili uliitikia amina. Nilikusikia."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akatikisa kichwa, na sikujua ni hasira au ni uchovu. Kisha akamgeukia mtoto. "Bibie, kwenye rafu ile kuna vibao vingapi?"

"Ishirini na tisa," mtoto akasema, karibu kabla ya swali kuisha. "Viwili vilivyovunjika umeviweka wapi?"

Mwalimu aligeuka kutazama meza yake. Vibao viwili vilikuwa pale, chini ya gazeti. Akavitazama kitambo kuliko ilivyohitajika.

"Kibao kimoja kilikuwa cha watoto wawili," akasema kwa sauti ya kujaribu mtu. "Kila mtoto akipata chake, na hivi viwili nikavitupa, nitaagiza vingapi?"

Mtoto alifumba macho. "Vitatu."

Mwalimu akalivuta daftari lake la majina, akachovya kalamu, akaandika. Mimi nikadhani yamekwisha. Akanyanyua kichwa. "Hapa kila asubuhi tunahesabu watu, binti. Tunapanga mstari, kila mtoto anataja namba yake. Mimi sitamwondolea hayo uliyomtia. Umeyatia wewe, uyatoe wewe. Una hadi Januari."

Nyanya hakubishana. Alisema neno lake ni neno. Ijumaa alifunga kuku wake miguu, akawatia kikapuni bila kuwahesabu, akambusu mtoto utosini. Mimi aliniambia, "Wakimhesabu huko, mimi macho yangu yasione," akaenda kupanda basi peke yake. Nilikuwa nimeshinda. Ilikuwa kama kupata jibu ambalo huwezi kulihakikisha.

Saa ya chakula cha jioni nilipakua. Mtoto alitazama mkeka, nikaona kidole chake kikitaka kunyanyuka, akakikalia.

"Sahani sita," akasema. Kisha, akinong'ona ili mjomba wake asisikie: "Mama mdogo, nilimhesabu nyanya, akapungua."

"La. Nyanya amekwenda kwao. Yu mzima."

"Lakini nilimhesabu. Na amepungua. Ulisema."

Hapo nilipaswa kumwambia kwamba ni upuuzi, na Mwalimu angependa niseme hivyo. Au niseme ni kweli, na nyanya angependa hivyo. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kumsomesha nikamwambia jambo ambalo nilikuwa na uhakika nalo.

"Sijui," nikasema.

Alinitazama kwa mshangao mkubwa. Nadhani hakujua kama neno lile linaruhusiwa.

"Mara moja haitoshi kujua," nikasema. "Ule mtungi wa lami, uliutazama mara ngapi?"

"Siku nyingi."

"Basi nihesabu mimi. Mimi peke yangu. Kila asubuhi. Tuone."

Alisita. Alitazama mlangoni, kana kwamba nyanya angeweza kurudi. Akanyoosha kidole akanigusa gotini, kwa wepesi, kama mtu anayepima kama birika ni la moto.

"Mmoja," akasema.

Niliogopa. Siwezi kudanganya, mimi na kitabu changu na benchi langu la pili, niliogopa. Wiki ile nilishuka kisimani kwa uangalifu, na nilipokohoa Jumanne nilijificha nyuma ya nyumba ili asisikie. Kila asubuhi alikuja kabla sijawasha moto, akanigusa, akasema "mmoja", akachora mstari ukutani kwa mkaa. Mistari ilikwenda upande. Mkono wangu uliwasha kwa kutaka kuifuta na kuichora upya, na mara mbili nilikwisha shika kitambaa.

Siku ya kumi akanigusa, akachora, akarudi nyuma kutazama.

"Bado mmoja," akasema, na hakuonekana kufurahi. Alikuwa na mkunjo kati ya nyusi. "Basi nyanya aliondoka kwa nini?"

Nilipuliza moto. Kuni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi tu.

"Kwa sababu yangu," nikamwambia. "Hilo nalijua. Hebu lete kuni nyingine, tutaongea."